Historia ya China niliyoiokota sokoni: vikombe vya bati, kuponi za chakula na kurasa zilizokatwa kwa wembe

Mwanareli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo nimepata nafasi nimekaa. Kama huna haraka, vuta kiti.

Nyumbani kwetu Mbeya kuna kikombe kikubwa cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu na herufi tano nyekundu za Kichina ubavuni. Baba alipewa na fundi wa Kichina alipokuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA, upande wa Mlimba. Tumekulia mikononi mwa kile kikombe. Ndicho kilichokuwa cha kuchotea maji mtungini, ndicho cha kupimia mchele wageni wakija. Hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kujua kimeandikwa nini, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Baadaye nikapata ufadhili wa kwenda kusoma Beijing. Mwezi wa tatu hivi, herufi zikiwa zimeanza kuniingia, mwenzangu mmoja wa bwenini akanipeleka soko linaloitwa Panjiayuan. Pale chini, kwenye turubai la mama mmoja mtu mzima, nikaona vikombe sita vya bati vimepangwa. Kimoja kilikuwa pacha wa kile cha nyumbani. Mdomo wa buluu, herufi tano nyekundu, mwandiko uleule wa kukimbia. Safari hii nikasoma: wei renmin fuwu. Watumikie wananchi.

Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Tangu siku hiyo, kwa miaka mitano, Jumamosi zangu nyingi zilianzia sokoni kabla jua halijachomoza.

Maneno hayo yana historia yake. Ni kichwa cha hotuba aliyoitoa Mao, kiongozi wa wakomunisti wa China, Septemba 1944 kule Yan'an, makao yao ya wakati huo, kwenye msiba wa askari wa kawaida aliyeitwa Zhang Side, aliyekufa baada ya kufukiwa na tanuri la mkaa. Zaidi ya miaka 20 baadaye yako kwenye vikombe, mabegi, vioo na kuta za nchi nzima. Kimoja kikavuka bahari kikafika Mlimba.

Mwanareli

Naendelea. Kwanza soko lenyewe.

Panjiayuan iko kusini-mashariki mwa Beijing, kando ya barabara ya tatu ya mzunguko. Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wakitandaza vitu vyao chini alfajiri na wanunuzi wakipita na tochi. Wachina soko la namna hiyo huliita guishi, soko la mizimu, kwa sababu linaamka gizani na watu wanaonekana vivuli tu. Siku hizi lina kuta na mabanda ya kudumu yanayouza jade, brashi za kuandikia na shanga. Huko mimi nilikuwa napita tu. Mali yangu ilikuwa nyuma, kwa wale wa chini, wanaokuja wikendi na magunia.

Vile vitu vilitoka wapi? Miaka ya 1990 na 2000 vichochoro vya zamani vya Beijing vilibomolewa kwa kasi, familia zikahamia ghorofani na kuacha makorokoro ya wazee. Wakati huohuo viwanda vingi vya serikali vilifungwa au kuunganishwa, na makaratasi ya ofisi zake yakauzwa kwa kilo. Mnunuzi wa karatasi chakavu akigundua bahasha ina mihuri na picha, haendi nayo kwenye kusaga. Anakwenda nayo sokoni.

Hilo ndilo lililonifundisha kununua. Usinunue kinachong'aa. Nunua kilichotumika, chenye alama ya mkono wa mtu. Kikombe kilichotobolewa na kutu kikazibwa risasi. Kitabu kilichochanwa. Kadi iliyofutwa namba ikaandikwa nyingine juu yake. Alama za namna hiyo waghushi huwa hawazifikirii, na humo ndimo yalimo yale ambayo wenye amri hawakukusudia yabaki.

Dada Shanga

Mkuu shusha taratibu, nimekaa. Ila swali: hayo makuponi ya chakula uliyoyataja kwenye kichwa ndiyo yapi?

Mwanareli

Dada Shanga, hapo umenigusa, maana ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine.

Yanaitwa liangpiao. Mwishoni mwa 1953 serikali ya China ilichukua biashara yote ya nafaka mikononi mwake: mkulima anauza kwa serikali, mtu wa mjini ananunua kwa serikali. Mwaka 1955 zikaja kuponi nchi nzima. Kuanzia hapo pesa peke yake haikutosha. Ukiingia mgahawani kula bakuli la tambi, unatoa pesa na kuponi. Huna kuponi, unaondoka na njaa yako na pesa yako mfukoni.

Kuponi ni kijikaratasi kidogo, kingine hakifiki hata ukubwa wa kiberiti, kimechorwa trekta, bwawa, daraja au masuke ya ngano. Kipimo ni jin, yaani nusu kilo, na liang, ambayo ni gramu 50. Shanghai walitoa hadi ya nusu liang, gramu 25. Fikiria serikali inachapa karatasi, inaweka namba na muhuri, kwa ajili ya gramu 25 za unga! Ninayo moja. Nikimwonyesha mgeni huwa nachota unga kijiko cha chakula na kuumwaga kwenye sahani, nasema ni kiasi kama hiki.

Kulikuwa na aina mbili kubwa. Ya mkoa, ambayo ukivuka mpaka ni karatasi tu. Na ya taifa, inayokubalika popote. Ili upate ya taifa ulihitaji barua kutoka kazini kwako kueleza unasafiri kwenda wapi. Kwa hiyo kuponi haikuwa ya chakula tu, ilikuwa pia kamba ya mguuni. Mwaka 1958 ikatoka sheria ya hukou, usajili wa makazi uliomtenga mtu wa mjini na wa kijijini, na vitu hivi viwili vikafanya kazi pamoja. Kijana wa kijijini angeweza kupanda treni kuja Beijing, lakini angekula nini?

Mfumo huu ulidumu hadi 1993. Sio zamani hivyo, wakuu. Walimu wangu walikuwa nazo mifukoni walipokuwa wanafunzi.

Sasa kitu kimoja kwa karibu. Nilinunua kitabu kidogo cha mgawo wa nafaka cha familia moja ya Beijing, kurasa za kahawia, pembe zimelainika kama kitambaa. Kila mwezi una mstari: jina la mtu wa nyumba, kiwango chake, kiasi kilichochukuliwa, muhuri wa duka. Kiwango kilitegemea kazi. Wa kazi nzito alipata zaidi, karani chini yake, mtoto chini zaidi. Baba wa nyumba hii alikuwa na jin 30 kwa mwezi. Nikafungua Septemba 1960. Ile 30 imekatwa mstari mmoja wa wino, pembeni imeandikwa 28, na juu yake muhuri mdogo wa duara. Basi. Hakuna maelezo.

Mwezi huohuo Beijing iliamuru mgawo wa mijini upunguzwe takriban jin 2 kwa kila mtu. Nchi ilikuwa katikati ya njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, iliyofuata Mruko Mkuu wa 1958, kampeni ya Mao ya kukimbiza viwanda na kilimo. Mwaka ule serikali ilitaka tani milioni 10.7 za chuma cha pua, mara mbili ya mwaka uliotangulia. Wakulima wakatolewa mashambani kwenda kuchochea matanuri ya udongo uani, na masufuria ya watu yakayeyushwa. Viongozi wa chini wakapeleka takwimu za mavuno ya uongo, na nafaka ikachukuliwa kwa kufuata takwimu hizo. Makadirio ya watafiti kuhusu waliokufa ni kati ya milioni 15 na milioni 45.

Na waliokufa wengi walikuwa vijijini. Hili ndilo lililonikaa kifuani nikiwa nimeshika kile kitabu: mtu wa kijijini hakuwa nacho. Familia hii ilipunguziwa jin 2 na bado ilikuwa na kitabu. Mkulima aliyelima hiyo nafaka hakuwa na mstari wowote wa kukatwa.

Mzee wa Foleni

Kijana, umenirudisha mbali. Sisi wa miaka ya themanini mwanzoni tulipanga mawe kwenye foleni ya sukari na sabuni, jiwe linakushikia nafasi unakwenda zako kazini. Ugali wa yanga, ule wa unga wa njano, tumeula. Sikujua kama Wachina nao walipitia hayo na kwa muda mrefu namna hiyo. Nyumbani kwangu sijahifadhi hata kadi moja ya duka la kaya. Tulizitupa zote kwa hasira.

Mwanareli

Shikamoo mzee. Hata Wachina wengi walizitupa. Zilizobaki zipo nyingi kwa sababu mabunda mazima yaliyokuwa hayajagawiwa yalibaki kwenye stoo mfumo ulipokufa, ndiyo maana leo zile mpya kabisa unazipata kwa bei ya chai. Zenye mikunjo minne ya pochi ya mtu ndizo adimu. Mzee, ukibahatika kupata hata kadi moja kwa ndugu, tafadhali usiitupe.

Kijana wa Data

Mimi nitakuwa mkweli, mkuu. Haya ni makaratasi ya jalalani. Historia ya China imeandikwa na maprofesa, ipo vitabuni, unaisoma kitandani. Kuna haja gani ya kuamka saa kumi usiku kununua vikombe vibovu?

Mwanareli

Kijana wa Data, swali ni la haki.

Vitabu nasoma, na bila vitabu nisingejua ile 28 inamaanisha nini. Lakini kitabu kinakwambia amri ilitolewa. Hakikwambii ilivyofika jikoni kwa mtu. Hata maprofesa wamekwenda kwenye jalala hilohilo. Michael Schoenhals, mwanahistoria wa Sweden kutoka Chuo Kikuu cha Lund, alijenga sehemu kubwa ya utafiti wake kwa nyaraka alizonunua kwenye masoko ya mitumba ya China, na njia hiyo mwenyewe akaifananisha na elimu ya taka. Kumbukumbu za serikali zinafunguliwa na kufungwa kwa matakwa ya wenye ufunguo. Gunia la mchuuzi halina ufunguo.

Mfano. Kile kitabu chekundu cha maneno ya Mao wengi mnakijua kwa sura. Kilianza 1964 kama kitabu cha jeshi, kikaja kuchapwa kwa mamia ya milioni, hadi kwa Kiswahili chetu kilitolewa Beijing. Mwanzoni mwake kuna dibaji na mwandiko wa Lin Biao, waziri wa ulinzi, aliyekuja kutangazwa mrithi wa Mao. Tarehe 13 Septemba 1971 ndege aliyokuwa anakimbilia nayo ilianguka Mongolia, akafa yeye na mkewe na mtoto wao wa kiume. Mrithi akageuka msaliti kwa usiku mmoja.

Sasa ingia nyumbani kwa mtu mwenye hicho kitabu. Jina la msaliti limo ndani ya kitabu kitakatifu. Kukitupa ni kosa. Kukiacha kilivyo ni kosa. Ufanye nini?

Nina nakala nne, na kila moja ina jibu lake. Ya kwanza ukurasa umekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono, kwa utulivu, mtu ametumia rula. Ya pili umechanwa kwa mkono, vipande vimebaki kwenye uzi. Ya tatu mtu ameacha ukurasa, amepaka wino mweusi juu ya jina tu, kila lilipotokea, na wino umepenya hadi ukurasa wa nyuma. Ya nne ipo nzima. Haijaguswa. Hii ya nne ndiyo inayonisumbua zaidi. Je, mwenyewe alisahau? Alikuwa amekufa? Au aliamua tu? Hakuna kitabu cha profesa kitakachonijibu kuhusu mtu huyu mmoja, lakini bila kuishika mkononi nisingejua kwamba swali lipo.

Kijana wa Data

Hapo kwenye nakala nne umenikamata. Endelea mkuu.

Mama Wawili

Na zile beji za Mao? Kaka yangu alileta moja kutoka Guangzhou, anasema ni ya dhahabu.

Mwanareli

Mama Wawili, mwambie kaka asiikopee benki. Nyingi sana ni za alumini iliyopakwa rangi nyekundu na ya dhahabu. Kati ya 1966 na 1969 zilitengenezwa kwa mabilioni. Kila kiwanda, kila kikosi cha jeshi, kila shule ilitaka ya kwake, na ukigeuza nyuma utakuta imeandikwa nani ametoa. Alumini ikaanza kupungua viwandani hadi Mao mwenyewe mwaka 1969 akataka arudishiwe ndege zake, akimaanisha chuma kinachoishia vifuani mwa watu kingejenga ndege. Katikati ya mwaka huo ikatoka amri ya kuzuia, na wimbi likashuka.

Angalia pini ya nyuma. Ya zamani ina kutu kwenye kifundo, na alumini imechubuka pale pini inapolala. Ya jana inang'aa kila mahali.

Nami nimepigwa, sifichi. Mwaka wa kwanza nilinunua saa ya mezani yenye Mlinzi Mwekundu wa kike, wale vijana wafuasi wa Mao, anayepunga kitabu chekundu, mkono unakwenda juu na chini kila sekunde. Mchuuzi akaniapia ni ya 1968, nikatoa pesa yangu ya chakula ya wiki mbili. Nilipofika bwenini nikaweka lensi: picha ya usoni imeundwa na vinukta vidogo vya mashine ya uchapaji ya kisasa, na skrubu za nyuma hazijawahi kuguswa na bisibisi. Iliniuma kweli. Ninayo hadi leo, naitumia kufundishia wenzangu.

Sarafu za fedha za 1914 zenye sura ya Yuan Shikai, rais wa China wa wakati huo, ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Watakuonyesha namna ya kuipuliza ukingoni na kuisikiliza sikioni ikilia. Hata feki siku hizi zinalia. Pima uzito, inatakiwa iwe karibu gramu 26.7, na bado uwe na mashaka. Mimi nilishaachana nazo.

Dada Shanga

Kuna kitu chochote cha furaha hapo ulichowahi kuokota? Maana naona njaa na woga tu.

Mwanareli

Kipo, Dada. Ngoja nikueleze.

Ni kadi ya mtihani ya Desemba 1977. Ukubwa wa kiganja, karatasi duni, picha ya kijana mwenye nywele fupi imebandikwa pembeni na kupigwa muhuri nusu kwenye picha nusu kwenye kadi. Mwaka wa kuzaliwa: 1949. Yaani ana miaka 28 anaingia chumba cha mtihani wa kuingia chuo kikuu.

Kwa nini amechelewa? Mtihani ulifutwa 1966 yalipoanza Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kuwasaka aliowaita maadui wa mapinduzi. Shule zikafungwa, wanafunzi wakawa Walinzi Wekundu. Kuanzia Agosti 1966 Mao aliwapokea uwanja wa Tiananmen mara nane, zaidi ya milioni 11 kwa jumla. Kisha Desemba 1968 ikatoka kauli kwamba vijana wasomi waende vijijini kufundishwa na wakulima. Vijana wapatao milioni 17 walipelekwa mashambani na mipakani kwa miaka yote hiyo. Nina vikombe vyao pia, vile walivyopewa wakati wa kuagwa, vimeandikwa kwamba mashamba ni uwanja mpana na humo mtafanya makubwa.

Mao akafariki Septemba 1976. Mwaka uliofuata Deng Xiaoping, kiongozi aliyekuwa ameondolewa, akarudi madarakani na kutaka mtihani urudi mwaka huohuo, bila kusubiri. Karatasi za kuchapia maswali zilikuwa hazitoshi, ikabidi zichukuliwe zile zilizotengwa kwa juzuu ya tano ya maandishi ya Mao. Waliofanya mtihani ni milioni 5.7. Waliochaguliwa ni takriban 270,000.

Kwenye ile kadi, sehemu ya kazi imeandikwa mkulima. Nyuma, kwa penseli, mtu amekokotoa hesabu ya milinganyo, amekosea, amefuta, amerudia. Labda alikuwa nje ya mlango anasubiri kuingia. Sijui kama alichaguliwa. Lakini alihifadhi kadi, na mtu hahifadhi kitu asichokijali.

Mzee wa Foleni

Mungu amlipe popote alipo.

Msafiri wa Kariakoo

Mkuu mimi naenda Guangzhou na Yiwu kila baada ya miezi mitatu kufuata mzigo. Hivi ukibeba vitu hivi uwanja wa ndege hawakukamati?

Mwanareli

Swali zuri sana, na wengi hawaulizi. China ina sheria kali ya malikale. Vitu vya kabla ya 1911 haviruhusiwi kutoka kabisa. Vya kabla ya 1949 vyenye thamani ya kihistoria au kisanaa navyo vimezuiwa, kwa hiyo ukiona kitu cha zamani hizo, acha, au kipeleke kwa wakaguzi wa malikale kwanza. Vikombe vya bati, beji, kuponi, chupa za chai za maua ya peoni na vitu vya viwandani vya miaka ya sitini hadi themanini havikuwahi kuniletea shida.

Lakini karatasi zenye muhuri wa siri, usiguse. Hata kama mchuuzi anakuuzia bei ya pipi. Na mafaili ya watu binafsi, yale yenye maungamo waliyolazimishwa kuandika, picha na alama ya dole gumba, nayo mimi sinunui tena. Nilinunua moja mwaka wa pili. Mwalimu wa shule ya msingi, kurasa 40 na zaidi za kujishutumu kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu baba yake alikuwa na duka kabla ya wakomunisti kuchukua nchi 1949. Kila baada ya miezi michache anaandika upya, na kila mara anaongeza kosa, kwa sababu la mwanzo halikuwatosha. Mwandiko mzuri mno. Nilisoma usiku mmoja, nikajiona nimeingia chumbani kwa mtu bila hodi. Wanawe wanaweza kuwa hai. Jina lake sijawahi kulitaja popote na sitalitaja.

Mama Wawili

Na picha za familia je? Hizo nazo si chumbani kwa watu?

Mwanareli

Ni kweli, na sina jibu safi. Kuna Mfaransa, Thomas Sauvin, ambaye mwaka 2009 alianza kununua kwa kilo negativu za picha kutoka kwa mtu wa taka kaskazini mwa Beijing. Zilikuwa zinasubiri kuyeyushwa ili madini ya fedha yaliyomo yatolewe. Ameokoa zaidi ya nusu milioni, nyingi za kuanzia 1985 hadi picha za dijitali zilipoingia. Bibi harusi amewashia wageni sigara, mama amesimama kando ya friji mpya kama vile amesimama na mwanawe aliyehitimu. China ya Deng iko pale, nchi inayonunua friji yake ya kwanza. Bila yeye zingekuwa moshi. Mimi binafsi nina picha chache za zamani, na kati yake ipo moja ya kazini ambapo uso wa mtu mmoja, wa tatu kutoka kushoto, umekwanguliwa kwa ncha ya sindano hadi karatasi ikatoboka. Wengine wote wanatabasamu.

Kijana wa Data

Mleta uzi, umetuacha na kikombe cha nyumbani. Mzee ulimwambia maana ya yale maandishi?

Mwanareli

Nilimwambia. Nilirudi likizo nikiwa na kile pacha kwenye begi, nimekifunga ndani ya sweta.

Ni lazima mjue mzee alikuwa wapi. Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote katika kilomita 1,860 za ile reli. Milima, matope, mahandaki, madaraja juu ya madaraja. China yenyewe ilikuwa maskini, bado ina kuponi, na ilitoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Wachina waliofia kazini wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto. Mafundi waliokuja walikuwa watu wa umri wa baba, na huenda huko kwao walikuwa na mtoto anayepimiwa nafaka kwenye kitabu kama kile changu. Mimi hilo nililijua kwa kupitia sokoni. Baba yeye alijua tu kwamba yule fundi alikuwa anakula kila punje ya wali iliyobaki bakulini.

Nikaweka vikombe viwili mezani. Nikamsomea: watumikie wananchi. Akanyamaza. Akachukua kile cha zamani, akakigeuza, akapitisha kidole chini, pale rangi ilipobanduka na kuwa doa jeusi.

"Hapa," akasema, "palikuwa pamebanduka hivihivi aliponipa. Alikiangusha kwenye jiwe siku daraja lilipopitisha kiberenge cha kwanza."

Kisha akamwita mdogo wangu akamwambia akirudishe mtungini, watu wanataka maji.